Barua za kuombea shule ya udaktari Marekani: nimwombe mwenye jina au anayenijua?

*"Shikamoo mshauri. Niko Houston, mwaka wa tatu chuo kikuu, miaka miwili ya kwanza nilisoma komyuniti koleji. Mwezi wa sita mwaka huu nataka kuomba shule za udaktari, nyingi za hapa Texas na chache za majimbo mengine. Nimekwama kwenye barua za mapendekezo. Profesa wa kemia ogania alinipa A, lakini darasa lilikuwa na watu zaidi ya 200, sidhani kama anaijua sura yangu. Mwalimu wa baiolojia kule koleji ananijua sana, ila kwake nilipata B+. Muhula huu nasoma baiokemia, darasa la watu kama 60, na mimi huwa nakaa kimya. Maabara nimefanya kazi karibu mwaka, lakini niliyekuwa naye kila siku ni mtafiti kijana mwenye PhD. Mkuu wa maabara tunaonana kwenye mkutano wa wiki tu. Wikiendi usiku nafanya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba ya wazee. Mama anasema niachane na hao wote, nimwombe mjomba ambaye ni daktari bingwa wa upasuaji Mwanza, na daktari mmoja wa kanisani kwetu mwenye jina kubwa hapa mjini. Hiyo CNA anasema nisiitaje kabisa. Nimwombe nani, lini, na nimwambieje? Na nikikubali kutosoma barua, wakiniandika vibaya nitajuaje?"*

Marahaba, binti. Umeuliza mengi, lakini yote yanatoka kwenye wasiwasi mmoja: wanaokujua hawana jina, na wenye jina hawakujui. Nianze na mama, kwa sababu anachosema kina mantiki, ila ni mantiki ya nyumbani.

Tanzania mtu haingii udaktari kwa barua. Anaingia kwa ufaulu wake wa Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha sita, anaomba kwa utaratibu wa TCU, basi. Kenya ni matokeo ya KCSE na mgawanyo wa KUCCPS. Barua tulizozizoea sisi ni za aina nyingine: ya serikali ya mtaa kuthibitisha makazi, ya mchungaji au shehe kusema una tabia njema, ya mkubwa kumwambia mkubwa mwenzake kwamba huyu ni wetu. Katika barua hizo kinachofanya kazi ni mhuri na cheo cha aliyesaini; yaliyoandikwa katikati hakuna anayeyachunguza. Mama akisikia "barua ya mapendekezo" anaiona hiyo, ndiyo maana anakutafutia saini nzito.

Shule za udaktari za Marekani zinaitumia barua kwa kazi tofauti. Kamati ya udahili tayari inazo alama zako za chuo, ina MCAT, yaani mtihani wa kuingilia shule za udaktari, ina insha yako na orodha ya shughuli zako. Yote hayo ama ni namba, ama ni wewe unajisemea. Barua ni mahali pa pekee kwenye faili ambapo mtu mwingine anazungumza kabla hujaitwa kwenye usaili. Kwa hiyo msomaji anamchukulia mwandishi kama shahidi, na shahidi kwanza anaulizwa alikuwepo wapi na aliona nini. Cheo chake kinakuja baadaye, tena kinasaidia tu kama kuna alichokiona.

Tazama mifano miwili. Nimeitunga mimi, lakini ndivyo barua hizi zinavyokuwa. Ya kwanza: *"Mwanafunzi huyu alisoma kemia ogania kwangu muhula wa vuli akapata A. Alihudhuria vipindi, alikabidhi kazi kwa wakati, ana adabu na anashirikiana na wenzake. Kwa mujibu wa CV yake amejitolea hospitalini. Namkubali bila kusita."* Ya pili: *"Mtihani wa kwanza wa baiolojia alipata 68. Siku tatu baadaye alikuja ofisini na karatasi yake. Kila swali alilokosa alikuwa amelifanya upya, na pembeni ameandika kosa lilikuwa la namna gani: hakujua, alilisoma swali vibaya, au alijua akaishiwa muda. Mengi yalikuwa ya kuishiwa muda. Akaomba mitihani ya zamani, akawa anaifanya kwa saa. Mtihani wa mwisho alipata 91. Siku ambayo mwenzake wa maabara alimwaga sampuli dakika 20 kabla ya kipindi kuisha, ndiye aliyegawa kilichobaki na kupanga upya nani afanye nini, bila kelele."*

Ya kwanza imetoka kwa aliyekupa A, na haina neno hata moja ambalo kamati haikulijua. Ya pili imetoka kwa aliyekupa B+, na B+ yenyewe sasa ina maelezo: imeonyesha mtu anayejua kujirekebisha. Ndiyo maana alama uliyopata kwa mwalimu si kipimo cha kwanza cha kumchagua. Ingekuwa C ningesita, labda kama ulirudi kwake kwa kozi nyingine ukafanya vizuri. B+ isikunyime usingizi.

Kuna jambo jingine linalowaponza wengi wetu, nalo ni kiwango cha sifa. Barua za Kimarekani husifia kwa sauti ya juu. "Mwanafunzi mzuri, mwenye bidii" kwetu ni sifa iliyokamilika. Huku msomaji anaichukua kuwa mwandishi hakuwa na la kusema, au ana jambo analificha kwa heshima. Wanachotafuta ni ulinganisho: yuko wapi kati ya wanafunzi wote uliowafundisha, na kwa ushahidi gani. Ukimwomba mtu aliyesomea Afrika Mashariki au Ulaya, ambako barua huandikwa kwa kujizuia, anaweza kukupenda kwa moyo wote na bado akakuandikia barua ya baridi. Chama cha shule za udaktari, AAMC, kina mwongozo mfupi wa waandishi wa barua. Uambatanishe na ombi lako kwa kila mwandishi, hata asiyeuhitaji.

Sasa twende mtu kwa mtu.

Mjomba atoke kwenye orodha. Ndugu haandiki. Hata kama majina yenu ya ukoo ni tofauti, mwandishi anatakiwa kueleza anakujuaje na kwa muda gani, na hapo ama atasema kweli na barua ikose uzito, ama ataficha, jambo ambalo ni baya zaidi. Lakini kama uliwahi kumfuata wodini likizo ukatazama anavyofanya kazi, saa hizo hazipotei. Ziweke kwenye sehemu ya shughuli, ambapo fomu ya AMCAS, mfumo wa kitaifa wa kuomba shule za udaktari, inakupa nafasi 15. Mwambie mama hivyo: mjomba yumo kwenye maombi, ila si kwa barua.

Daktari wa kanisani anategemea jambo moja. Kama mmefanya kazi pamoja, tuseme siku za afya mnapopima watu presha na sukari baada ya ibada, akakuona ukiongea na wagonjwa miezi kadhaa, ana la kuandika. Kama anakuona Jumapili tu, mshukuru na umwache. Barua za madaktari ambao mwanafunzi aliwafuata siku chache kliniki huwa zinafanana mno: alifika kwa wakati, aliuliza maswali mazuri, ana moyo. Pana hali moja ambapo daktari anahitajika kweli, nayo ni ukiomba shule za osteopathia, njia nyingine ya kuwa daktari Marekani, zinazotoa shahada ya DO. Nyingi kati ya hizo zinataka barua ya daktari, na baadhi zinapendelea awe DO mwenyewe. Ukiwa na mpango huo, tafuta wa kumfuata mapema, kwa miezi.

Kuhusu CNA sikubaliani na mama hata kidogo, na naomba umwonyeshe aya hii. Najua anaiona kazi hiyo kama kubeba boksi, kitu cha kulipia kodi ya nyumba na kukaa nacho kimya. Kwa kamati ya udahili, mtu anayeamka saa nane za usiku kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, anayemwogesha mzee mwenye kusahau ambaye jana alimpiga ngumi na leo hamkumbuki, anayegundua kwamba bibi wa chumba cha mwisho leo usingizi wake si wa kawaida akamwita muuguzi, huyo ameshaugusa udaktari upande ambao wanafunzi wengi wenye A hawajauona. Muuguzi msimamizi wa zamu yako ameyaona haya usiku baada ya usiku. Ana barua ambayo hakuna profesa anayeweza kuiandika.

Mambo mawili ya kuangalia hapo. Sehemu nyingi za kazi zina sera kwamba msimamizi akiulizwa kuhusu mfanyakazi athibitishe tarehe za ajira na cheo tu. Mwulize mapema kama anaruhusiwa kuandika kwenye karatasi yenye nembo ya kituo, na kama hapana, aulize ofisi ya utumishi. La pili, asitaje jina la mzee yeyote wala maelezo yanayoweza kumtambulisha. Sheria ya faragha ya wagonjwa inawahusu na yeye na wewe. Na elewa kwamba barua hii inaongezea zile za walimu, haichukui nafasi yao.

Maabara ina suluhisho rahisi ambalo wanafunzi wengi hawathubutu kuliomba: barua moja yenye saini mbili. Yule mtafiti anaandika alichokiona, mkuu wa maabara anaongeza yake na wote wanasaini. Kamati inapata macho ya aliyekuwa nawe kwenye meza na cheo cha mwenye maabara kwa pamoja. Anza na mkuu, kwa heshima, kisha umpe wazo: "Kwa kuwa nimefanya kazi kila siku na fulani, ingefaa mkiandika kwa pamoja?" Kwa kawaida anafurahi, kwa sababu umempunguzia kazi. Mkumbushe mtafiti jambo mahususi. Kumbukumbu ya ile jeli iliyotoka tupu mara mbili, ukarudia ukiwa na kontroli chanya hadi ukagundua praima (vipande vifupi vya DNA) ziliyeyushwa kwa kiwango kisicho sahihi, ina thamani kuliko sifa kumi za jumla. Ila fahamu: shule zinaposema zinataka mwalimu wa sayansi, mara nyingi zina maana ya aliyekufundisha darasani na kukupa alama. Mkuu wa maabara hahesabiki hapo, isipokuwa labda kama utafiti wako uliandikishwa kama kozi yenye alama, na hata hivyo uliza shule husika.

Profesa wa kemia ogania mwache, labda kama kulikuwa na msaidizi wake aliyefundisha kikundi chako kidogo na anakukumbuka. Hapo tena barua ya saini mbili inawezekana: msaidizi anaandika, profesa anasaini. Msaidizi peke yake hatoshi.

Aliyebaki ni wa baiokemia, na huyu ndiye ningekusukuma kwake wiki hii. Darasa la 60 si kubwa na muhula haujaisha. Ukimya wako naujua unatoka wapi. Sisi tumelelewa kwamba mwanafunzi mwenye adabu hamsumbui mwalimu, anasikiliza, anaandika, anafaulu. Huku profesa anatangaza saa za kukaa ofisini kila wiki na mara nyingi anakaa peke yake. Kwenda si kujipendekeza. Lakini usiende kusema "sijaelewa vimeng'enya", utapewa muhtasari wa sura nzima na hatakukumbuka. Nenda na karatasi uliyoifanyia kazi nusu. Mwambie: "Kwenye grafu hii kizuizi kimeongeza Km na Vmax haikuguswa, kwa hiyo nimesema ni cha ushindani. Swali la 4 Vmax nayo imeshuka kidogo, hapo naamuaje?" Dakika 10 zinatosha. Rudi wiki inayofuata na ulichokifanya kutokana na jibu lake. Ziara hiyo ya pili ndiyo inayomfanya akujue. Ukifanya hivyo mara nne au tano kabla ya mitihani, tayari una mwalimu wa sayansi wa chuo kikuu mwenye la kusimulia.

Kwa nini nasisitiza wa chuo kikuu wakati yule wa koleji yupo? Kwa sababu walimu wote wakitoka koleji, msomaji atajiuliza kama umeweza masomo ya ngazi ya juu. Mmoja wa koleji, mmoja wa chuo kikuu, mchanganyiko huo unaonyesha safari yako.

Hukutaja mwalimu yeyote wa nje ya sayansi. Sharti la kawaida la shule nyingi ni walimu wawili wa sayansi na mmoja asiye wa sayansi. Sayansi kwa hesabu ya AMCAS ni baiolojia, kemia, fizikia na hisabati, takwimu zikiwemo. Saikolojia na sosholojia haziingii kwenye kundi hilo. Wapo wanaomweka mwalimu wa saikolojia kama wa sayansi, kisha faili linakaa linasubiri barua ambayo wao wanadhani imeshafika. Mtafute mwalimu wa uandishi, historia au falsafa ambaye darasa lake lilikuwa dogo na amesoma maandishi yako marefu. Hatazungumzia udaktari, na hatakiwi. Ataeleza unavyofikiri na unavyopokea kukosolewa.

Sasa hesabu, maana wewe unaomba kwa mifumo zaidi ya mmoja. Shule nyingi za Texas hupitia TMDSAS, na hawa wanataka barua 3 za watu binafsi, au badala yake barua ya kamati ya chuo, kisha wanaruhusu 1 ya ziada. Jumla ni nne. AMCAS, ya shule nyingi za MD (shahada ya kawaida ya udaktari) za majimbo mengine, inapokea hadi 10. AACOMAS ya shule za DO inapokea hadi 6. Kwa kuwa shule za umma za Texas kisheria hutoa angalau 90% ya nafasi kwa wakazi wa jimbo, hesabu ya TMDSAS ndiyo ikuongoze.

Ningekuwa nakupangia, kwa TMDSAS ningeweka baiolojia wa koleji, baiokemia, na maabara yenye saini mbili, kisha muuguzi kama barua ya ziada. Hapa kuna hasara: mwalimu asiye wa sayansi anakosa nafasi. Ikiwa shule unazozitaka zaidi zinamtaka, mtoe wa maabara, kwa sababu utafiti utauelezea mwenyewe kwenye shughuli, lakini zamu za usiku zinahitaji shahidi. Wapo washauri watakaokwambia kinyume, kwamba maabara ina uzito zaidi. Kama ndoto yako ni MD-PhD, yaani udaktari pamoja na shahada ya utafiti, wako sahihi kabisa, na hapo barua ya utafiti haina mjadala. Kwa AMCAS tuma zote tano. Usijaze nafasi 10 kwa kuwa zipo. Barua mbili dhaifu zinazimua tano nzuri, na wasomaji wanachoka. Masharti ya kila shule yasome kwenye tovuti yake na kwenye MSAR, hifadhidata ya AAMC inayolipiwa kwa mwaka.

Kabla ya hayo yote uliza kama chuo chako kina kamati ya wanafunzi wanaoelekea udaktari. Baadhi ya vyuo hukuhoji, hukusanya barua zako na kuandika moja kwa niaba ya chuo. Ikiwepo na usiitumie, shule nyingine zitataka maelezo kwa nini. Na tarehe zao huwa mapema kuliko za kitaifa, nyingi katika majira ya baridi, kwa hiyo nenda kesho, si wiki ijayo.

Kuomba. Wakati mzuri ni kuanzia Januari hadi Machi kwa anayeomba kiangazi, yaani sasa. Profesa ambaye wanafunzi 15 wanamwomba Mei anaandika barua 15 zinazofanana. Omba ana kwa ana ukiweza, na uulize swali linalompa mlango wa kutokea: "Je, unaona unanijua vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu kwa shule ya udaktari?" Neno "yenye nguvu" usiliache. Ukimwuliza tu kama anaweza kukuandikia, wengi watasema ndiyo kwa sababu wanaona vibaya kukataa. Akisita, akasema ana kazi nyingi, akasema "naweza kuthibitisha alama zako", hilo ni jibu la hapana. Mshukuru na uondoke bila kumbembeleza. Amekusaidia.

Akikubali, siku hiyo hiyo mtumie barua pepe moja yenye kila kitu: CV ya ukurasa mmoja, nakala isiyo rasmi ya alama zako, rasimu ya insha yako, mwongozo wa AAMC, na tarehe unayohitaji barua. Weka mwisho wa Mei. Ukweli ni kwamba ikifika katikati ya Juni bado uko salama. Kisha ongeza ukurasa ambao wengi hawauandiki, ambao kwangu ndio wa maana kuliko vyote: mambo matatu au manne aliyoyaona yeye mwenyewe, na tarehe zake. Ule mtihani wa 68. Ile siku ya sampuli kumwagika. Usimwandikie sentensi za sifa, mkumbushe matukio. Mwandikie pia jina lako kama lilivyo kwenye fomu, maana sisi wenye majina matatu tunaitwa lingine darasani na lingine kwenye pasipoti, na barua yenye jina lisilolingana inamkanganya msomaji. Mtajie na kiwakilishi chako, "she" au "he". Kiswahili hakitudai hilo, lakini profesa asiye na hakika atakisia, na majina yetu hawayajui.

Wengine watakujibu: "Andika mwenyewe nitasaini." Usikubali. Haitakuwa barua yake, na wewe hujui kujisifia kwa sauti ya profesa. Itasomeka kama insha yako ya pili. Jibu kwa upole kwamba fomu zinataka maneno yake, na kwamba umempa muhtasari wa kumrahisishia. Akishikilia, tafuta mwingine.

Kisanduku cha kukubali kutosoma: kitiki. Sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inakupa haki ya kuona kumbukumbu zako za chuo, barua hizi zikiwemo, na unaruhusiwa kuiacha haki hiyo kwa hiari. Usipoiacha shule zitaona, na barua zako zitasomwa kwa mashaka kwamba mwandishi alijua utaisoma. Baadhi ya maprofesa hawaandiki kabisa bila kisanduku hicho. Unauliza utajuaje wakikuandika vibaya: hutajua, ndiyo maana lile swali la "yenye nguvu" linaulizwa kabla. Barua za chuki ni chache. Barua mbaya ya kawaida ni ile ya kwanza niliyokuandikia juu, fupi na ya jumla, na kinga yake ni kuchagua vizuri na kumpa mwandishi vitu vya kushika. Asiombwe akuonyeshe, akikuonyesha kwa hiari yake hakuna kosa.

Upande wa mitambo. Fomu za AMCAS hufunguliwa mwanzoni mwa Mei, na hapo ndipo unapotengeneza nafasi ya kila barua, ikapata namba yake. Unachapa fomu ya ombi la barua yenye namba hiyo pamoja na namba yako ya AAMC na kumpa mwandishi. Kila mwandishi namba yake. Ukimpa wa baiolojia fomu ya muuguzi, barua itaingia kwenye jina la mwingine na kuirekebisha ni usumbufu. Barua ya kamati au kifurushi cha chuo ni nafasi moja, hata kikiwa na barua sita ndani. Kwa kuwa unaomba barua Machi na namba zinatoka Mei, watu wengi hufungua akaunti ya Interfolio, ambayo hupokea barua mapema na kuituma kwenye mifumo baadaye kwa ada ya mwaka. Kwa mwalimu wako wa koleji ningeifanya lazima. Walimu wa koleji wengi ni wa mkataba wa muhula. Mkataba ukiisha, barua pepe ya chuo inafungwa na karatasi yenye nembo hana tena. Barua zote ziwe na nembo, tarehe na saini. Na barua za msimu mmoja hazihamii msimu unaofuata zenyewe, kwa hiyo ukilazimika kuomba tena mwakani utahitaji zitumwe upya, zikiwa na tarehe mpya.

Mkumbushe mwandishi wiki mbili kabla, kisha wiki moja kabla, mistari miwili tu, na namba zake tena humo ndani ili asihangaike kutafuta. Mwombe atazame pia kwenye barua taka, maana maombi ya mifumo huangukia huko.

Ofisi ya washauri wa udaktari chuoni kwako uifikie kwa miguu yako kwa yale ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyaamua: kama una kesi yoyote ya nidhamu au ya udanganyifu kwenye kumbukumbu zako, kama mligombana na profesa ambaye kukosekana kwa barua yake kutaonekana, au kama hadhi yako ya uhamiaji bado haijakaa sawa, kwa sababu shule nyingi hazipokei asiye raia au mkazi wa kudumu, na hilo linabadilisha orodha nzima. Na profesa akianza kudai kitu ili aandike, iwe fedha, kazi ya bure au yale tunayoyaita nyumbani rushwa ya ngono, usijadiliane naye peke yako. Kwa rushwa ya ngono ipo ofisi ya Title IX ya chuo, inayoshughulikia unyanyasaji wa kijinsia; kwa hayo mengine anza na mshauri wako, na popote anaweza kukusindikiza.

Mwisho, barua ikichelewa usizuie maombi. AMCAS na TMDSAS wanahakiki fomu yako bila kusubiri barua, na uhakiki wenyewe unaweza kuchukua wiki kadhaa msimu ukichanganya. Peleka fomu mapema Juni, endelea na fomu za pili za shule zinapoanza kuja mwezi wa saba. Barua zinahitajika hapo, kwa sababu shule nyingi hazifungui faili hadi liwe kamili, na wanaamua kadiri mafaili yanavyoingia. Ikifika tarehe 1 Julai mwandishi mmoja bado kimya baada ya kukumbushwa mara mbili, mpigie simu ofisini. Asipopokea, mwombe mwalimu wa akiba, kwa hiyo mwezi huu zungumza na mmoja zaidi ya unaowahitaji. AMCAS itakuruhusu kuongeza barua mpya hata baada ya kutuma fomu.